Mchuzi wa pweza wa nazi unatoka mchungu: ni bizari, uwatu au nazi yenyewe?

#1 Kifumbu (Mtwara)
Wakuu salaam. Mchuzi wa pweza wa nazi ukionjwa unapoepuliwa uko sawa, ukikaa nusu saa unaanza uchungu unaobaki nyuma ya ulimi, kama mtu katafuna gome la mti. Vipimo: pweza kilo 1 na nusu kabla ya kuchemshwa, nazi 2, vitunguu maji 3, nyanya 2, thomu punje 6, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, bizari ya manjano kijiko 1 cha chai kilichojaa, bizari nyembamba nusu kijiko, uwatu nusu kijiko, pilipili mbuzi 1 nzima, ndimu 1. Bizari zote ni za unga, zile za kupimiwa sokoni na kufungwa kwenye vifuko vya nailoni.

Dai langu: bizari ya unga inayouzwa hivyo imechakachuliwa. Anayepinga aje na hoja, asije na "kwetu haitokei".

#2 PilipiliKichaa
Kwetu haitokei.

#3 MchiNaKinu (Newala)
Mkuu Kifumbu, soko unalionea. Uwatu nusu kijiko, tena wa unga! Ile mbegu ni chungu kwa asili yake, inataka adabu. Kwa sufuria hiyo robo kijiko cha chai inatosha, na iwe mbegu nzima. Mafuta yakishapata moto wa wastani unaitupa, unaikoroga mpaka iwe rangi ya asali, kisha vitunguu vinafuata hapohapo ili vipoze mafuta. Ukiisubiri ifike rangi ya kahawia umechelewa, hata uongeze nyanya kilo nzima uchungu hautoki.

Na hiyo nusu saa yako ina maelezo. Uwatu unafyonza maji, unavimba, unatoa ute, na kadiri unavyolowa ndivyo unavyoachia uchungu wake. Ukionja mapema bado umejifungia. Jibu hili: mchuzi ukikaa unazidi kuwa mzito?

#4 Kifumbu
Unazidi. Lakini mchuzi wowote wa tui zito ukipoa unakuwa mzito hata kama haujawahi kusikia jina la uwatu. Huo si ushahidi.

#5 Mwambao (Kilwa Kivinje)
Mimi nashika manjano. Kijiko kilichojaa ni karibu viwili vya kusawazisha. Nazi 2 zinataka nusu kijiko cha kusawazisha, ukizidisha unapata ladha ya udongo na uchungu mkavu.

Kisha kuna namna ya kuyaweka. Rangi ya manjano haiyeyuki vizuri kwenye maji, inataka mafuta, kwa hiyo ukiyamwaga kwenye tui mwishoni yanabaki mabichi na yanakwaruza koo. Ukiyatupa kwenye mafuta makavu yanayofuka moshi yanaungua kabla hujashika mwiko. Njia ya katikati: changanya unga wa bizari zote na vijiko 2 vya maji ya baridi uwe uji mzito. Kaanga vitunguu mpaka vianze kubadilika, weka thomu na tangawizi dakika moja, ndipo umimine ule uji. Koroga mpaka maji yakauke na mafuta yaanze kujitenga pembeni yakiwa ya njano. Hapo weka nyanya. Maji yale ndiyo yanayozuia unga usiungue.

Thomu nayo ikiungua ni chungu, usiisahau kwenye orodha ya watuhumiwa.

#6 BintiTandahimba
Samahani wakubwa, tunarudi nyuma kidogo. Bizari nyembamba ndiyo ipi? Huku ukisema "bizari" unapewa unga wa njano, ukisema "bizari ya pilau" unapewa mchanganyiko wenye mdalasini na karafuu, ukisema nyembamba muuzaji anakutazama tu.

#7 Basibasi (Lindi)
Dada, swali lako ndilo lingetangulia. Neno bizari lina asili ya Kiarabu, huko linahusu mbegu na viungo vya kutia kwenye chakula, ndiyo maana limebeba mizigo mingi.

Bizari nyembamba ni mbegu ndefu za rangi ya kijivu-kahawia zenye mistari, ndiyo harufu ya pilau yenyewe. Unguja wanaiita uzile, wengine wa mwambao wanasema jira kwa kufuata Wahindi. Giligilani ni mbegu ya mviringo, nyepesi, ukiibonyeza inapasuka nusu mbili, na majani ya mmea huohuo ndiyo kotmiri. Shamari inafanana na bizari nyembamba lakini ni nene zaidi, ya kijani hafifu, na ukiitafuna ina utamu. Kisibiti ni nyeusi kidogo na imepinda kama mwezi mwandamo.

Usiamini macho pekee. Weka mbegu kumi kiganjani, zisugue kwa kidole gumba, nusa. Ikinukia pilau ni bizari nyembamba. Ikinukia peremende, umeuziwa shamari.

Bizari ya manjano si mbegu kabisa. Ni tunguu la ardhini, ndugu wa tangawizi. Jina la bizari limepewa kwa heshima tu.

#8 PilipiliKichaa
Kwa hiyo bizari si bizari. Haya.

#9 Chambo (Mtwara)
Turudi kwa Kifumbu, asiachwe peke yake. Uchakachuaji upo. Vipimo viwili vya haraka: tone la aidini ya dukani kwenye unga wa manjano, ukigeuka bluu-nyeusi umetiwa unga wa mahindi. Na ukichanganya manjano na maji ya sabuni, yakiwa mekundu ujue kuna rangi ya kiwandani.

#10 Basibasi
Mkuu Chambo, vyote viwili vitakufanya ugombane na muuzaji asiye na kosa. Manjano ni tunguu, na tunguu lina wanga wake wenyewe. Aidini itageuka hata kwenye manjano uliyoyachimba mwenyewe shambani. Kipimo hicho kinafaa kwa unga wa vitu visivyo na wanga, si kwa manjano.

Kuhusu sabuni ni kinyume kabisa. Manjano halisi ndiyo yanayogeuka mekundu yakikutana na sabuni au magadi. Ndiyo maana kanzu yenye doa la mchuzi ukiipaka sabuni doa linageuka damu ya mzee, ukisuuza linarudi njano. Anayetia magadi kwenye sufuria ili kitu kiive haraka, akaona mchuzi umebadilika rangi, asitafute mchawi.

Kipimo kinachosaidia nyumbani ni maji. Glasi ya maji yaliyotulia, nyunyiza nusu kijiko cha manjano juu, usikoroge, usubiri dakika 10. Unga safi unazama taratibu na maji yanabaki na unjano hafifu. Maji yakiwa ya njano kali tangu juu hadi chini mara moja, kuna rangi imeongezwa.

Ila kuna uchakachuaji usioonekana kwa glasi. Bangladesh iligundulika matunguu yalikuwa yanang'arishwa kwa rangi ya njano yenye madini ya risasi, na msako mkubwa ulianza 2019. Hiyo haina harufu wala ladha ya kukustua. Na hapo ndipo dai la Kifumbu linapochechemea: anayechakachua anatafuta uzito na rangi, kwa hiyo anatia unga wa mchele, wa mahindi au rangi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni kichungu.

#11 Kifumbu
Nakubali nusu. Lakini unga unaweza kuwa mchungu bila mtu kukusudia.

#12 Chekeche (Masasi)
Hapo umegusa penyewe, Kifumbu. Swali ni umesagiwa wapi. Mashine ya nafaka inasaga kwa kasi na unga unatoka wa moto, ukiushika unauma mkono. Moto huo unarusha mafuta ya harufu, yanabaki yale yasiyoruka, na hayo ndiyo yenye ukali na uchungu. Halafu mashine hiyohiyo asubuhi imesaga pilipili kavu, na pengine kuna mtu kaletea majani makavu ya mwarobaini kwa dawa yake. Mabaki ya mwarobaini kiasi cha ncha ya kisu yanatosha kuharibu kilo nzima.

Kama lazima mashine, pitisha kwanza mchele mkavu nusu kilo usafishe jiwe, na mchele huo usirudi nao nyumbani kupika.

Kwa mkono: anika mbegu juani saa mbili, kikaango cha moto mdogo dakika 2 hadi 3 mpaka harufu ipande, ziache zipoe kabisa. Ukizitwanga zingali moto zinatoa mvuke na unga unashikana. Kisha kinu, kisha chekecheke. Kinachobaki juu ya chekecheke kirudi kinuni.

Manjano yanataka kazi zaidi. Osha matunguu, chemsha dakika 45 hadi saa moja mpaka kijiti kipenye, kata vipande vyembamba, anika siku kumi na zaidi kutegemea jua. Kilo 5 mbichi zinakupa takriban kilo 1 kavu. Kipande kilichokauka kinavunjika kwa mlio. Kikikunja bado. Ukikisaga kingali kinakunja, wakati wa masika huku kwetu chupa inaota ukungu ndani, na ukungu nao una uchungu wake wa vumbi. Huo usichongeane nao, mwaga.

#13 TuiLaKwanza (Mikindani)
Kurasa zote hizi na hakuna aliyeiuliza nazi! Uchungu wa gome, Kifumbu, ni uchungu wa gome kweli: ile ngozi ya kahawia iliyogandamana na kifuu. Ukikaa kwenye mbuzi ukakuna mpaka kifuu kinasikika, umeshachukua ngozi. Machicha yanakuwa na vidoadoa vya kahawia na tui linatoka la kijivu badala ya jeupe. Kuna mkono wa kuzungusha kifuu: kuna kwa kuanzia ukingoni kwenda katikati, kila mzunguko mwembamba, na pale nyama nyeupe inapoanza kuonyesha wekundu chini yake, simama. Kile kidogo kinachobaki wape kuku.

La pili, nazi zilionjwa moja moja? Ukivunja, kinga maji yake, onja. Yakiwa makali au yananuka sabuni, nyama imeshaanza kuoza mafuta. Nazi moja mbovu kati ya mbili inatosha, na mafuta yaliyoharibika hayaonekani kwenye tui la moto, yanajitokeza chakula kikipoa. Nusu saa yako hiyo.

Kukamua: maji ya uvuguvugu kikombe kimoja kwa tui la kwanza, weka pembeni. Vikombe 2 kwa la pili, hilo ndilo la kupikia pweza na bizari. La kwanza linaingia mwishoni, moto umepunguzwa, sufuria wazi, unakoroga upande mmoja bila kuacha mpaka lichemke mara moja tu. Epua. Ukifunika au ukiliacha litokote, linakatika.

#14 Mwambao
Nakubaliana na yote isipokuwa "upande mmoja". Tui halina dira. Linakatika kwa moto mkali na uchachu, si kwa kukosea kibla.

#15 TuiLaKwanza
Koroga utakavyo, ukikatikiwa usinitafute.

#16 ChunguCheusi (Lindi)
Habari zenu. Nimesoma yote, naona mshtakiwa mkuu hajaitwa. Ndimu.

Juisi ya ndimu na jamii yake ina tabia ya kuwa na uchungu uliojificha. Ukikamua unaonja uchachu tu. Ikikaa, kitu kilichomo kwenye nyama nyeupe chini ya ganda, kwenye utando na kwenye mbegu kinabadilika taratibu kwa sababu ya uchachu wenyewe, kinakuwa kichungu. Wakamuaji wa machungwa wanaujua ugonjwa huu: kuna aina ya chungwa ambayo juisi yake ni tamu saa ya kukamua, baadaye chungu. Moto unaharakisha.

Kifumbu, hujasema ndimu inaingiaje. Imekamuliwa kwa mashine ya kuminya? Imechujwa mbegu? Inaingia lini?

#17 Kifumbu
Inakatwa nusu, inakamuliwa kwa mkono ndani ya sufuria, na maganda yanabaki humo kwa ajili ya harufu mpaka wakati wa kupakua.

#18 ChunguCheusi
Maganda yanabaki humo! Hapo shauri limekwisha, tukalale.

#19 MchiNaKinu
Halali mtu. Kuna mapishi ya Kiarabu na Kiajemi yanayotia ndimu nzima iliyokaushwa, ganda na mbegu zake, inachemka saa nzima na nyama. Watu wanakula na kuomba tena. Uchungu wa ganda la ndimu unajulikana, unakaa mbele ya ulimi na una harufu kali. Mwenzetu ametaja gome na nyuma ya ulimi. Mimi bado niko na uwatu.

#20 ChunguCheusi
Ndimu kavu ya Oman inatobolewa na mpishi anayejua anatoa mbegu. Na wenyewe wanautaka ule uchungu. Mfano wako unanisaidia mimi.

#21 MlaNgisi (Mtwara)
Jamani, pweza na ndimu wapi na wapi. Pweza huku Kusini anataka ukwaju, ndimu ni ya samaki wa kukaanga. Kipande cha ukwaju ukubwa wa yai la kuku, maji ya moto kikombe kimoja, dakika 15, vuruga kwa vidole, chuja. Unaingia kwenye tui la pili, mapema, ukishaiva na nyanya. Usiutie kwenye tui zito, utalikata. Uchachu wake una utamu ndani, haugeuki.

Tena tuwashukuru Wahindi kwa kutuletea.

#22 Basibasi
Hapana mkuu, hapo mshukuru Mwafrika. Mkwaju asili yake ni Afrika ya joto, India ulipelekwa zamani sana. Waarabu waliukuta India wakauita tende ya India, na jina hilo ndilo Wazungu walilobeba mpaka kwenye jina la kisayansi. Jina limesafiri kinyume na mti.

Kwenye ile sufuria ya Kifumbu karibu kila kitu ni mgeni, isipokuwa pweza na huo ukwaju ambao hakuutia. Manjano na tangawizi ni za Asia. Bizari nyembamba ni ya pande za Mediterania na Mashariki ya Kati. Pilipili mbuzi ni ya Amerika, kama ilivyo kichaa na hoho.

#23 PilipiliKichaa
Niondoeni kwenye mambo ya uhamiaji.

#24 Mwambao
Basibasi, pilipili naipinga. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika mwambao huu 1331, Kilwa akaipita kwa miguu yake. Na alipokuwa Mogadishu alieleza wali wa samli unaoletwa na ndimu za kutiwa chumvi, tangawizi mbichi, embe na vishada vya pilipili za kuvundikwa. Pilipili, miaka zaidi ya 160 kabla ya Columbus. Mnasema zilitoka Amerika kwa njia ipi?

#25 Basibasi
Swali zuri, na jibu liko kwenye neno vishada. Pilipili zetu za sasa zinaota moja moja au chache kwenye kitawi. Inayoota kwa vishada ni pilipili manga, punje za kijani zimepangana kwenye uzi mmoja. Mpaka leo Kusini mwa India wanaitia kwenye chumvi na ndimu ikiwa mbichi na kishada chake. Neno pilipili lilikuwa la manga, ya Amerika ilipofika na Wareno baada ya 1498 ikalirithi, na mwenye jina ikabidi aongezewe "manga" ili atambulike.

#26 Mwambao
Hoja nimeielewa, lakini kuna iliki, karafuu na basibasi yenyewe, zote zilikuwa zinapita Kilwa. Mnaifanya Kilwa kama haikupika kitu mpaka Mreno aje.

#27 Basibasi
Sijasema hivyo. Karafuu ilipita kama bidhaa, ikitokea visiwa vya Maluku. Mti wenyewe ulipandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, kwa kupitia visiwa vya Wafaransa, na kimbunga cha 1872 kilipoivunja mikarafuu ya Unguja, Pemba ikachukua usukani. Kununua na kupanda ni mambo mawili.

#28 BintiTandahimba
Na nazi?

#29 Basibasi
Nazi ni ugomvi mwingine. Wapo wanaosema ilielea yenyewe, wapo wanaosema ilikuja na mabaharia kutoka Asia. Mimi niko na mabaharia.

#30 TuiLaKwanza
Mimi niko na maji. Nazi inaelea, inaota, haihitaji nauli.

#31 Chambo
Wakati mnasafiri baharini, sufuria ya Kifumbu bado chungu. Nauliza: sufuria ya bati? Alumini na kitu kichachu havipatani. Ndimu au nyanya ikikaa humo nusu saa inakula bati, chakula kinapata ladha ya kulamba sarafu. Tena nusu saa ileile mnayoipigania. Hamishia kwenye chungu cha udongo au bakuli la kioo mara ukiepua, uone.

#32 NchaKali (Msimbati)
Na pweza ameoshwaje? Wengi wanaosha mikono wanasahau kichwa. Kichwa kinageuzwa nje ndani kama soksi, unatoa matumbo yote na kifuko cha wino bila kukipasua. Kile kiungo cha kahawia laini ndicho kinachofanya kazi kama ini, kikibaki kinachafua supu yote kwa uchungu. Macho yanakatwa, na lile domo gumu katikati ya mikono unalibonyeza kwa kidole gumba linachomoka. Kisha chumvi ya mawe, unamsugua mpaka povu na utelezi uishe, unamsuuza maji matatu.

Kuchemsha: bila chumvi, bila maji au kikombe kimoja tu, anatoa maji yake mwenyewe. Dakika 40 hadi saa moja kwa kilo 1 na nusu. Atanywea, kilo 1 na nusu itakupa kama gramu 700 za kula. Kama maji yale ya zambarau ndiyo unayotengenezea mchuzi, yaonje kwanza. Yakiwa machungu, yamwage.

#33 MchiNaKinu
Sasa tuna washtakiwa saba: bizari, uwatu, mashine, nazi, ndimu, sufuria, ini la pweza. Kifumbu, pima kama fundi. Vikombe vitatu vya moto, kila kimoja peke yake:

Tui la nazi zako na chumvi, lichemke mara moja.
Maji, kijiko cha mafuta, robo kijiko cha manjano na robo ya bizari nyembamba, dakika 5.
Supu ya pweza mtupu.

Onja vyote vikiwa moto, funika, onja tena baada ya nusu saa. Uwatu usiutie popote, ndimu usiitie popote. Vikiwa vitamu vyote vitatu, tutajua tubaki na nani.

#34 Kifumbu
Siku ya pili, majibu. Tui: moto zuri, baada ya nusu saa kuna uchungu mdogo sana, na lilikuwa la kijivu, TuiLaKwanza usicheke. Bizari: chungu tangu mwanzo lakini si uchungu ule, ni wa udongo. Pweza: safi.

#35 TuiLaKwanza
Nacheka.

#36 Mwambao
Udongo ni manjano kuzidi, nilisema. Umetia robo kwenye kikombe kimoja, nayo imezidi.

#37 MchiNaKinu
Uchungu mdogo wa tui hauwezi kuwa ule wa kulalamikiwa. Kilichokosekana kwenye vikombe ni uwatu, na uchungu mkubwa umekosekana. Hesabu rahisi.

#38 ChunguCheusi
Kilichokosekana ni uwatu NA NDIMU. Hesabu yako inakula jirani.

#39 Chambo
Na vikombe vyenyewe vilikuwa vya udongo wa kauri, si sufuria ya alumini. Hamjanijibu.

#40 Kifumbu
Jumamosi napika mara mbili: sufuria ileile, nazi mpya zilizokunwa bila ngozi, manjano nusu kijiko cha kusawazisha. Moja ina uwatu haina ndimu, nyingine ina ndimu haina uwatu. Maganda nje safari hii.

#41 MlaNgisi
Maganda yakiwa nje umeshaibadilisha kesi. Yaache ndani, sivyo hutajua kama ni juisi au ganda.

#42 ChunguCheusi
Kwa mara ya kwanza MlaNgisi kanena.

#43 BintiTandahimba
Wakati tunasubiri Jumamosi, mtu anipe vipimo vya chachandu ya pilipili ya kulia ming'oko, vile viazi vya porini. Yangu inakuwa maji.

#44 PilipiliKichaa
Hili ndilo eneo langu. Pilipili kichaa 10, chumvi ya mawe nusu kijiko cha chai, twanga hivyo viwili kwanza bila kitu kingine mpaka viwe uji, chumvi ndiyo inayosaga ngozi. Ongeza kitunguu maji nusu, ponda kidogo tu. Nyanya 1, toa mbegu na maji yake ndipo uiponde, hapo ndipo maji yako yanapotoka. Ndimu 2, zimechujwa. Iache dakika 20.

#45 ChunguCheusi
Zimechujwa mbegu, na maganda?

#46 PilipiliKichaa
Kwetu haitokei.